Charles Bouton: Mwanahisabati aliyefichua siri ya mafungu ya mawe

Usiku wa mbalamwezi, wavuvi wa ndagala wa Ziwa Tanganyika huipumzisha mitumbwi yao, kwa sababu taa zao haziwavuti tena samaki mwezi unapokuwa umeangaza ziwa zima. Siku hizo, katika fukwe kama ile ya Gitaza, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, watu hupata nafasi ya kuketi. Mtu akiokota mawe 16 na kuyapanga katika mafungu manne, la kwanza jiwe moja, la pili mawe matatu, la tatu matano na la nne saba, tayari ana mchezo usiohitaji ubao wala kete. Wachezaji ni wawili, nao hupokezana zamu. Kila mmoja, zamu yake ikifika, huchagua fungu moja tu na kuondoa humo mawe kadiri apendavyo: jiwe moja, mawili, au fungu zima. Anayeondoa jiwe la mwisho ndiye mshindi.

Mgeni akiweka fedha chini, kisha akamwomba mwenyeji aanze, neno lake laonekana kuwa la adabu. Kumbe ni mtego. Katika mpangilio huo wa 1, 3, 5 na 7, anayeanza amekwisha kushindwa kabla hajagusa jiwe, maadamu mwenzake anaijua kanuni na hakosei. Wala bahati haina nafasi, kwa kuwa hakuna dadu inayorushwa wala karata inayofichwa. Kila kitu kiko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na bado mmoja anaona asichokiona mwenzake.

Aliyeiweka siri hiyo hadharani, tena pamoja na uthibitisho wake, ni Mmarekani Charles Leonard Bouton. Kazi yake juu ya mchezo huo ilichukua kurasa tano tu za jarida la hisabati. Hata hivyo kurasa hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa mwanzo wa tawi zima la elimu, lile linalochunguza michezo isiyopendelea upande, yaani michezo ambayo hatua anayoruhusiwa mchezaji mmoja ndiyo hiyohiyo anayoruhusiwa mwenzake.

Kijana wa St. Louis

Bouton alizaliwa tarehe 25 Aprili 1869 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, mji uliojengwa kando ya mto Mississippi na uliokuwa ukiishi kwa biashara ya vyombo vya majini na reli. Baba yake, William Bouton, alikuwa mhandisi. Mtoto alisoma katika shule za umma za mji huo, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Washington, kilichopo hapohapo St. Louis, na kuhitimu mwaka 1891. Kwa muda alikuwa mwalimu katika mji wake wa kuzaliwa. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Harvard, karibu na Boston, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka 1896.

Enzi hizo, Mmarekani aliyetaka kufika kilele cha hisabati alivuka bahari kwenda Ulaya, na hasa Ujerumani. Bouton naye alikwenda Leipzig, akawa mwanafunzi wa Sophus Lie, mwanahisabati mashuhuri kutoka Norway. Lie alikuwa amejijengea jina kwa uchunguzi wa mageuzi, yaani namna kitu kinavyoweza kubadilishwa umbo huku sifa fulani ndani yake zikibaki vilevile. Tasnifu ya Bouton ilihusu jambo la aina hiyo: mambo yasiyobadilika katika milinganyo fulani hata pale milinganyo yenyewe inapogeuzwa. Alitunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1898. Mwaka huohuo Lie aliondoka Leipzig na kurudi kwao, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Bouton alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwisho.

Miaka hiyo ndiyo Wajerumani walipokuwa wakijiimarisha kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika na kuifanya Usumbura kuwa mojawapo ya vituo vyao vya kijeshi. Hakuna uzi unaoliunganisha darasa la Leipzig na kituo hicho, ila dola ni moja na wakati ni mmoja.

Mchezo wa vyuoni na kwenye maonyesho

Bouton alirejea Harvard kama mwalimu wa hisabati, akabaki huko hadi mwisho wa maisha yake, akipanda ngazi hadi kuwa profesa mshiriki. Kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha na kuongoza wanafunzi. Alisaidia pia kuhariri majarida ya Chama cha Hisabati cha Marekani, kazi ya kusoma maandishi ya wengine, kuyapima na kuyasahihisha, ambayo haimletei mtu umaarufu.

Katikati ya shughuli hizo alivutiwa na mchezo wa mafungu. Aina zake kadhaa zilikuwa zikichezwa katika baadhi ya vyuo vya Marekani, na pia kwenye maonyesho ya burudani, mahali ambapo mwenye kujua hukutana na mwenye kubahatisha. Bouton alijaribu kutafuta historia ya mchezo huo bila kupata mengi. Watu wengine waliuita Fan-Tan, jina la mchezo mwingine kabisa wa Wachina. Kwa kuwa jina hilo lilipotosha, alipendekeza jipya: Nim. Asili ya neno hilo haijathibitishwa. Wengi hulihusisha na neno la Kijerumani lenye maana ya kumwamuru mtu achukue, na kwa mtu aliyekuwa ametoka kusoma Leipzig dhana hiyo haiko mbali.

Mnamo Oktoba 1899, mtu aitwaye Paul E. More alimweleza Bouton namna nyingine ya kucheza, ambapo anayeondoa kitu cha mwisho si mshindi bali ndiye aliyeshindwa. More alikuwa pia na njia ya kushinda, na njia hiyo ilikuwa sahihi. Alichokosa ni uthibitisho: aliweza kushinda, lakini hakuweza kuonyesha kwa nini lazima ashinde. Bouton hakulificha jambo hilo. Alilitaja katika makala yake, akampa More haki yake, kisha akakamilisha kile kilichopungua.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yake yote. Mtu anaweza kushinda mara mia moja kwa uzoefu, na bado asijue kama mara ya mia na moja atashinda. Uthibitisho huondoa shaka hiyo. Tena uthibitisho ukishaandikwa hauwi tena mali ya fundi mmoja anayewatoza wengine kwa kutojua kwao. Yeyote anayesoma anakuwa sawa na fundi.

Kila kipande na mwenzake

Makala ya Bouton ilichapishwa katika jarida la Annals of Mathematics, katika juzuu la 1901 na 1902. Katika milima ya Burundi wakati huo, Mwami Mwezi Gisabo alikuwa bado hajakubali mamlaka ya Wajerumani. Mkataba wa Kiganda ulikuja mwaka 1903.

Kanuni aliyoieleza yaweza kufahamika na yeyote aliyewahi kuona ndagala zikipangwa mafungu sokoni. Kila fungu la mawe livunjwe, kwa mawazo tu, katika vipande vya 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kila kipande kikiwa maradufu ya kile kilichotangulia, na kipande cha ukubwa mmoja kisitumike mara mbili ndani ya fungu moja. Fungu la mawe matatu ni 2 na 1. La matano ni 4 na 1. La saba ni 4 na 2 na 1. La kumi na matatu ni 8 na 4 na 1. Kila idadi huvunjika kwa njia moja tu.

Hatua inayofuata ni kutazama kama kila kipande kina mwenzake wa ukubwa uleule katika fungu jingine. Katika mafungu ya 1, 3, 5 na 7 kuna vipande vinne vya 1, viwili vya 2 na viwili vya 4. Vyote vimepata wenzao, hakuna kipande kilicho pweke. Mpangilio wa namna hii Bouton aliuita salama, maana yake ni salama kwa yule aliyeuacha hivyo na kumpisha mwenzake.

Uthibitisho wake una nguzo tatu. Kwanza, anayekabidhiwa mpangilio salama hawezi kuuacha salama. Atagusa fungu moja tu, na fungu hilo likipungua vipande vyake hubadilika, ilhali vya mafungu mengine vimebaki vilevile. Basi lazima kuwe na kipande kitakachokosa mwenzake. Pili, anayekabidhiwa mpangilio usio salama daima anayo hatua ya kuurekebisha. Hutafuta kipande pweke kilicho kikubwa kuliko vyote, huchagua fungu lililonacho, hukiondoa, kisha hubakiza humo vipande vidogo vinavyohitajika ili kila kimoja kipate mwenzake. Tatu, mwisho wa mchezo, pasipo na jiwe lolote, nao ni mpangilio salama, kwa sababu hakuna kipande chochote, na kwa hiyo hakuna kilicho pweke. Aliyeshika usalama toka mwanzo ndiye atakayefika mwisho huo.

Mfano unaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda pale Gitaza. Mwenyeji aliyeombwa kuanza anaondoa fungu zima la mawe saba. Yanabaki 1, 3 na 5, ambapo kipande cha 4 kilichomo ndani ya fungu la matano ni pweke. Mgeni anaondoa mawe matatu kutoka fungu hilo, na kuacha 1, 3 na 2. Kila kipande kimepata tena mwenzake. Mwenyeji anaondoa fungu la matatu, yanabaki 1 na 2. Mgeni anaondoa jiwe moja kutoka fungu la mawili, yanabaki mafungu mawili ya jiwe mojamoja. Mwenyeji anachukua moja, mgeni anachukua la mwisho, na fedha zinaondoka naye. Mwenyeji angeanza kwa hatua nyingine yoyote, mwisho ungekuwa huohuo.

Kanuni ikigeuzwa

Mtu aliyeshindwa mara kadhaa huweza kudai kanuni ibadilishwe: safari hii anayeondoa jiwe la mwisho ashindwe. Dai hilo laonekana kuwa na haki ndani yake, kwa kuwa njia iliyomfikisha mgeni kwenye jiwe la mwisho sasa itamfikisha kwenye hasara.

Hapa ndipo Bouton alipolifikisha mwisho suala la More. Alionyesha kuwa kugeuza kanuni hakuubadilishi mchezo ila karibu na mwisho wake. Mjuzi hucheza kama kawaida, akitunza usalama uleule, hadi linapobaki fungu moja tu lenye mawe zaidi ya moja, na hapo zamu ni yake. Wakati huo hulipunguza fungu hilo hadi jiwe moja, au huliondoa lote, ilimradi mafungu ya jiwe mojamoja yanayobaki yawe ya idadi isiyogawika kwa mbili. Katika mfano wa Gitaza, pale yalipobaki 1 na 2, mgeni hatapunguza fungu la mawili, ataliondoa lote. Litabaki jiwe moja, na mwenyeji hana budi kuliokota na kushindwa. Mawe ni yaleyale 16, hatua ni zilezile, isipokuwa moja tu ya mwishoni. Kubadilisha kanuni hakumwokoi asiyejua.

Nadharia hiyo ina mipaka yake pia. Haimpi mtu ushindi katika bao. Kwenye bao la kete, mchezo wa mashimo 32 na kete 64 unaopendwa kuanzia pwani ya Waswahili hadi bara, kila mchezaji ana safu zake mbili na hawezi kuanzia kwenye safu za mwenzake. Kwa hiyo hatua za mmoja si hatua za mwingine, na mchezo unatoka katika jamii ya michezo isiyopendelea upande. Wajuzi wa bao bado wanategemea hesabu ya kichwani, kumbukumbu na miaka ya kukaa barazani.

Baada ya kurasa tano

Bouton alioa mwaka 1907, akajaliwa mabinti watatu. Aliendelea na kazi yake Harvard, bila kuifanya Nim kuwa shughuli ya maisha. Wengine ndio walioendeleza alipoachia. Mwaka 1907 Mholanzi Willem Wythoff alichapisha aina yenye mafungu mawili, ambapo mchezaji anaweza pia kuondoa idadi sawa kutoka mafungu yote mawili kwa zamu moja. Mwaka 1910 Eliakim Hastings Moore wa Chicago alichunguza aina ambayo mchezaji anaruhusiwa kugusa mafungu zaidi ya moja, hadi idadi iliyowekwa. Kila kanuni mpya ilizaa hesabu mpya, lakini swali lilibaki lile la Bouton: ni mipangilio ipi ambayo aliyeiacha yuko salama?

Charles Bouton alifariki tarehe 20 Februari 1922, mjini Cambridge, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 52. Wenzake wa Harvard walimwandikia kumbukumbu fupi katika jarida la chama chao cha hisabati. Ulikuwa mwaka uleule ambao Shirikisho la Mataifa liliidhinisha rasmi udhamini wa Ubelgiji juu ya Ruanda-Urundi.

Hakuishi kuona matunda makubwa kuliko yote ya kazi yake. Mwaka 1935 Mjerumani Roland Sprague, na mwaka 1939 Mwingereza Patrick Michael Grundy, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kuwa kila mchezo usiopendelea upande, wenye mwisho, na ambao anayekosa hatua ndiye anayeshindwa, hata ukiwa na sura ngeni namna gani, unaweza kuhesabiwa kana kwamba ni fungu moja la Nim. Mchezo wa mawe uligeuka kuwa kipimo cha michezo mingine. Lakini pale kanuni ya mwisho inapogeuzwa, wepesi alioukuta Bouton haupatikani kila mahali. Katika michezo mingi mingine, kugeuza mwisho huvuruga hesabu yote, na wanahisabati wanaendelea kuhangaika nayo hadi leo.

Kanuni hiyo ilikuwa pia miongoni mwa mambo ya kwanza kufundishwa mashine. Mwaka 1940 mashine ya kucheza Nim iliwekwa mbele ya umma katika maonyesho makubwa ya New York. Mwaka 1951 kampuni ya Ferranti ya Uingereza ilionyesha kompyuta iliyoitwa Nimrod, iliyojengwa kwa ajili ya mchezo huo peke yake. Ilipopelekwa Berlin, Ludwig Erhard, waziri wa uchumi wa Ujerumani Magharibi na kansela wa baadaye, alicheza nayo akashindwa. Mashine haikuwa na akili kumpita waziri. Ilikuwa inavunja mafungu katika vipande na kutafuta kilicho pweke, kazi ambayo mtoto wa shule anaweza kuifanya kwa kijiti juu ya mchanga.

Leo jina la Nim linajulikana kuliko jina la aliyelitunga. Hata hivyo yule anayeombwa kwa adabu aanze mchezo wa 1, 3, 5 na 7 ndiye mrithi halisi wa Bouton, ikiwa amejifunza kuhesabu kwanza. Anaweza kumrudishia mgeni heshima yake na kumwomba aanze yeye. Na wote wawili wakiijua kanuni, hakuna tena atakayeona sababu ya kuweka fedha chini.